Seva moja, kazi nyingi: maswali ya kuuliza kabla ya kupitisha fedha



Mara kwa mara ombi la fedha za kompyuta hufika mezani kwa kamati ya parokia au kwa mfadhili, likiwa na mstari mmoja unaowafanya wajumbe watazamane. Mstari huo unasema: "seva moja kubwa pamoja na programu ya seva pepe". Bei yake inazidi ile ya kompyuta yoyote iliyowahi kununuliwa na kamati hiyo. Fundi anaeleza kuwa mashine hiyo itafanya kazi ya mashine nne. Mtunza hazina anauliza kwa nini zisinunuliwe nne ndogo. Mwenyekiti hataki ionekane kuwa hajaelewa, na hatimaye fedha zinapitishwa au zinakataliwa pasipo mtu kujua hasa kilichoamuliwa.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kikao cha namna hiyo. Tutaeleza seva pepe ni kitu gani, zilianzia wapi, zinaokoa nini, na zinaacha hatari zipi mikononi mwa mnunuzi. Kwa kifupi, tunalotaka kusema ni hili: seva pepe hupunguza idadi ya mashine, lakini hazipunguzi wajibu wa kuzitunza. Kadiri kazi nyingi zinavyokusanywa mahali pamoja, ndivyo mahali hapo panavyohitaji uangalizi zaidi.

SEVA PEPE NI NINI?

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Katika hospitali, kwa mfano, karani wa mapokezi, mfamasia na mhasibu kila mmoja ana kompyuta yake, lakini kumbukumbu za wagonjwa zinakaa mahali pamoja, ndani ya seva, na wote huzisoma kutoka huko. Seva haihitaji mtu wa kukaa mbele yake. Inahitaji umeme, hewa ya ubaridi, na mtu wa kuikagua.

Desturi iliyoenea katika miaka ya 1990 ilikuwa kila kazi kuwa na seva yake: mahesabu yake, barua pepe yake, kumbukumbu za wagonjwa yake. Sababu ilikuwa ya msingi. Programu mbili zikiwekwa katika mashine moja ziliweza kugombana, na moja ikikwama ikaangusha na mwenzake. Lakini matokeo yake ni kwamba mashine nyingi zilikaa zimewashwa usiku na mchana bila kazi ya kutosha. Mwaka 2007 wahandisi wawili wa kampuni ya Google, Luiz André Barroso na Urs Hölzle, walichapisha makala wakieleza kuwa seva walizozipima zilitumia muda mwingi zikiwa kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wake. Walieleza pia kuwa hata seva isiyokula umeme mwingi, ikiwa imekaa karibu bila kazi yoyote, bado hutumia takriban nusu ya umeme ambao ingetumia ikiwa na kazi tele. Ni sawa na kuwasha lori kila asubuhi ili kupeleka gunia moja sokoni.

Seva pepe ziliundwa kuondoa upotevu huo. Juu ya mashine moja huwekwa programu msimamizi, ambayo mafundi huiita haipavaiza. Kazi yake ni kugawa prosesa, memori na diski za mashine hiyo katika mafungu, na kila fungu likaonekana kama kompyuta kamili inayojitegemea. Fungu moja linaweza kuendesha Windows na jingine Linux, na hakuna linalomwona mwenzake. Kompyuta hizo haziwezi kushikwa kwa mkono, ndiyo maana zinaitwa pepe, kama tunavyosema barua pepe.

Msomaji anaweza kufikiria nyumba ya vyumba vya kupanga. Kila mpangaji ana mlango wake na kufuli lake, anapika anachotaka, na akihama wengine hawasumbuki. Lakini paa ni moja, msingi ni mmoja, na mita ya umeme ni moja. Mfano huu tutaurudia baadaye, kwa maana faida na hatari za seva pepe zote zimo ndani yake.

ZILIANZIA WAPI?

Wengi hudhani kuwa hili ni jambo jipya. Sivyo. Katika miaka ya 1960 kompyuta zilikuwa kubwa na ghali mno, na haikuwezekana kila mtumiaji kupewa ya kwake. Katika kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, wahandisi walitengeneza mfumo ulioitwa CP-40 ambao ulianza kutumika Januari 1967. Mfumo huo uliweza kuigawa mashine moja ionekane kama mashine 14 kwa wakati mmoja. Mwaka 1972 IBM ilitangaza mfumo wa VM/370, na mrithi wake, z/VM, bado unatumika katika kompyuta kubwa za kampuni hiyo.

Kompyuta ndogo ziliposhuka bei, wazo hilo liliwekwa kando. Kwa nini watu wagawane mashine wakati kila idara inaweza kununua yake? Isitoshe, prosesa za aina ya Intel zilizoenea duniani hazikuundwa kwa ajili ya kugawanywa hivyo. Zilikuwa na amri kadhaa ambazo programu msimamizi haikuweza kuzinasa.

Walioondoa kikwazo hicho walitoka Chuo Kikuu cha Stanford huko California. Edouard Bugnion, Scott Devine na Mendel Rosenblum walichapisha utafiti wao mwaka 1997, na mwaka uliofuata, wakiwa pamoja na Diane Greene na Edward Wang, walianzisha kampuni ya VMware. Njia yao ilikuwa kuzitafsiri zile amri sumbufu papo hapo, mashine ikiendelea na kazi. Programu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1999, na zile za seva zikafuata mwaka 2001. Mwaka 2003 waliongeza uwezo wa kuihamisha seva pepe kutoka mashine moja hadi nyingine bila kuizima, watumiaji wakiwa bado wanaitumia. Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 nao walianza kuuza prosesa zenye msaada wa kazi hiyo ndani yake.

Wakati huohuo zilijitokeza programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, kuzitumia na kuzirekebisha. Xen ilitoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2003. KVM iliingizwa ndani ya Linux yenyewe mwaka 2007. Mwaka 2008 Microsoft ilitoa Hyper-V pamoja na Windows Server 2008, na mwaka huohuo ilitoka Proxmox, ya kampuni ya mjini Vienna, Austria, inayotumia KVM. Hata seva zinazokodishwa kwa saa kupitia intaneti, ambazo Amazon ilianza kuzitoa mwaka 2006, zilikuwa seva pepe zilizoendeshwa kwa Xen. Kwa hiyo mtu anayesoma barua pepe yake leo, yumkini anahudumiwa na seva pepe iliyo mbali sana naye.

ZINAOKOA NINI?

Tuchukulie hospitali yenye kazi nne: kumbukumbu za wagonjwa, mahesabu, mafaili ya ofisi, na barua pepe. Badala ya mashine nne zenye diski, feni na waya zake, kuna mashine moja au mbili. Umeme unapungua, joto chumbani linapungua, na betri ya UPS inayohitajika si nne tena.

Faida ya pili haionekani katika ankara ya umeme. Seva pepe nzima, pamoja na programu na mpangilio wake, huhifadhiwa kama mafaili machache. Mafaili hayo yanaweza kunakiliwa na kupelekwa kwenye mashine nyingine, hata ya kiwanda tofauti, na seva ikaamka ilivyokuwa. Zamani mashine ya aina fulani ikifa, fundi alilazimika kuanza upya kwa siku kadhaa. Aidha, kabla ya kubadilisha programu ya mahesabu, fundi anaweza kutengeneza seva pepe ya majaribio, akaijaribu, na kuifuta pasipo kugusa ile inayotumika.

Faida hizi ni za kweli. Lakini zina masharti matatu.

SHARTI LA KWANZA: PAA NI MOJA

Zikiwepo mashine nne na moja ikaungua, kazi tatu zinaendelea. Zikiwa zote ndani ya mashine moja na ikaungua, hospitali nzima inarudi kwenye karatasi kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo, kamati isikubali kwa urahisi ombi la mashine moja kubwa sana. Mara nyingi ni heri mashine mbili za wastani, kila moja ikiwa na nafasi ya kubeba kazi muhimu za mwenzake siku ya shida. Uwezo wa kuhamisha seva pepe hauna maana pasipo mahali pa kuihamishia.

Hatari ya paa moja si ya umeme na radi tu. Mwanzoni mwa Februari 2023 wahalifu walishambulia seva zilizokuwa zikiendesha ESXi, programu msimamizi ya VMware, hasa nchini Ufaransa na katika nchi nyingine. Shambulio hilo lilipewa jina la ESXiArgs. Mafaili ya seva pepe yalifungwa kwa siri na wenye mali wakadaiwa fedha ili wafunguliwe. Zaidi ya mashine 3,000 ziliathirika. Wahalifu hawakuhitaji kuvunja kila mlango. Walimfikia msimamizi wa nyumba, na wapangaji wote wakafungiwa nje. La kusikitisha ni kwamba tundu lililohusishwa na shambulio hilo lilikuwa na marekebisho yaliyotolewa na VMware Februari 2021, karibu miaka miwili kabla. Waliopatwa walikuwa wale ambao hawakuyaweka, na ambao mashine zao zilifikika moja kwa moja kutoka kwenye intaneti.

SHARTI LA PILI: NAKALA ILIYO NJE

Programu za seva pepe zina uwezo wa kupiga picha ya seva kwa dakika fulani, ili ikiharibika irudishwe ilivyokuwa dakika ile. Wengi huiona picha hiyo wakadhani wana nakala rudufu. Kwa kawaida picha hiyo hukaa kwenye diski ileile ya seva. Diski ikifa, picha nayo imekufa. Hali kadhalika diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja: zinasaidia diski moja inapoharibika, lakini mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kote kuwili.

Kanuni inayokubalika na mafundi ni ya tatu, mbili na moja. Taarifa ziwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo ikae nje ya jengo. Sisi tunaongeza neno: iwepo nakala isiyounganishwa na mtandao, maana mhalifu aliyeingia kwenye seva huzitafuta kwanza nakala zilizo karibu.

Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijathibitika. Siku ya kuijaribu ni siku ya kawaida, hakuna dharura, fundi ana chai yake mezani. Akishindwa siku hiyo, hakuna aliyeumia. Akishindwa siku mashine imeungua na wagonjwa wako kwenye foleni, ni jambo jingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na leo daftari lenyewe limo ndani ya mashine.

SHARTI LA TATU: LESENI YA LEO SI YA KESHO

Kwa miaka mingi taasisi nyingi zilinunua leseni ya VMware mara moja na kuitumia bila kikomo, zikilipia msaada wa mafundi kila mwaka. Mwaka 2022 kampuni ya Broadcom ilitangaza kuwa itainunua VMware, na ununuzi ukakamilika tarehe 22 Novemba 2023. Desemba ya mwaka huohuo Broadcom ilitangaza kuwa leseni za kudumu hazitauzwa tena. Kuanzia hapo mteja alipie kwa muda, na muda ukiisha alipie tena. Toleo la bure la ESXi liliondolewa Februari 2024, kisha likarudishwa Aprili 2025.

Wapo wateja walioona gharama zao zikipanda sana. Kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T, ilifungua shauri New York mwaka 2024 kuhusu haki ya kuendelea kupata msaada kwa leseni ilizokuwa nazo, na pande mbili zikapatana mwaka huohuo. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho ilishtushwa na masharti mapya, shule au zahanati itafanyaje?

Hatusemi kwamba programu ya kulipia ni mbaya, wala hatumpigii debe muuzaji yeyote. Proxmox, kwa mfano, inaweza kutumiwa bila ada ya leseni, na anayetaka msaada wa mafundi wake hulipia kwa mwaka. Lakini bure haina maana ya bila gharama. Lazima awepo mtu aliyejifunza kuiendesha. Vilevile, kupunguza mashine hakuondoi leseni za kile kilicho ndani. Windows Server ya daraja la Standard, mashine yote ikiwa imelipiwa, inaruhusu seva pepe mbili tu za Windows. Ya tatu inahitaji leseni zaidi. Gharama hiyo isipotajwa katika ombi, itajitokeza baadaye kama deni.

MASWALI SABA KWA KIKAO

Mjumbe yeyote anaweza kuuliza maswali yafuatayo bila kuwa fundi, na fundi mzuri atafurahi kuulizwa.

1. Ni kazi zipi hasa zitawekwa humo, na kila moja inahitaji memori na diski kiasi gani? Mara nyingi memori ndiyo inayokwisha kwanza.

2. Mashine ikifa Jumatatu asubuhi, kazi ipi itarudi kwanza, itaendeshwa wapi, na baada ya saa ngapi?

3. Nakala rudufu ziko wapi, na ni lini mara ya mwisho mtu alirejesha seva kutoka kwenye nakala hizo ikafanya kazi?

4. Umeme ukikatika, betri itashikilia kwa dakika ngapi, na je, seva zitajizima zenyewe kwa utaratibu kabla haijaisha?

5. Gharama za leseni na msaada kwa miaka mitano ni kiasi gani? Tusipoweza kulipia mwaka wa tatu, nini kitaendelea kufanya kazi na nini kitasimama?

6. Nani ataweka marekebisho ya usalama, na kwa ratiba ipi?

7. Ni watu wangapi wanaojua kuiendesha? Akiwa mmoja tu, akihama au akiugua tutafanyaje? Maneno ya siri yaandikwe, yafungwe katika bahasha na kuwekwa kwenye kasiki, na pawepo mtu wa pili aliyefundishwa.

Kwa wafadhili tuna neno moja la ziada. Ni rahisi kutoa fedha za mashine, kwa kuwa mashine inaonekana na inaweza kupigwa picha siku ya kukabidhiwa. Diski ya nakala, betri mpya baada ya miaka michache, na mafunzo ya fundi wa pili havipigwi picha. Hata hivyo hivyo ndivyo vinavyoamua kama mashine itakuwa hai baada ya miaka mitano. Anayefadhili seva bila kufadhili nakala zake ametoa nusu ya msaada.

Mwisho, ziko ofisi ambazo hazihitaji seva pepe kabisa. Ofisi ya parokia yenye kompyuta mbili, daftari moja la mahesabu na rejista ya waumini inahitaji nakala mbili nzuri, moja ikikaa nje ya jengo, na mtu wa kukumbuka kuzitengeneza kila wiki. Kukataa ombi lisilolingana na kazi iliyopo si kurudisha maendeleo nyuma.

Basi ombi hilo likifika mezani, wajumbe wasione haya kuuliza. Kikao kikichukua nusu saa zaidi kwa ajili ya maswali haya saba, hakijapoteza muda.